Aliyechoma Hirizi

Katika gari moshi la Mwingereza la kwenda Singida, Kefa alijifanya amesinzia ili asikie vizuri. Yustina, aliyebatizwa Pasaka, alikuwa akimsimulia mzee mmoja jinsi alivyochoma hirizi zake.

"Mjukuu wangu," mzee akasema, "mganga ataita jina lako kwenye chungu. Ukiitika tu, umekwisha."

"Aite, babu. Atamwita Mughenyi, nami siku hizi ni Yustina. Mughenyi nilimwacha kwenye maji ya ubatizo."

Kefa nusura apige makofi usingizini.

Gari likasimama. Sauti nzito ikaita kutoka nje, "Mughenyi!"

"Abee!"

Mzee akamkodolea macho. Yustina akajitwika mzigo wake.

"Kwa jina la Yesu," akanong'ona akishuka, "na aliyeita awe mume wangu."