Majani ya Maboga ya Yasinta

Kwenye basi dogo la Haisi kutoka Maposeni, Benigna alipakata furushi la majani ya maboga aliyoyachuma katikati ya mahindi. Bintiye Yasinta, mjamzito, alikuwa akiyatamani wiki nzima.

"Shikamoo mama. Shamba la majani hayo limepulizwa dawa?" aliuliza jirani yake wa kiti.

"Marahaba. Juzi, la sivyo viwavi wangetumaliza. Lakini nimeyaosha mara tatu."

"Kazi yangu ni kupuliza, mama. Ile dawa haitoki kwa maji. Subiri wiki mbili."

"Na hamu ya binti yangu mjamzito itasubiri? Kwani mkeo hali mboga?"

"Anakula za bustanini kwake. Mimi na pampu yangu hatukanyagi huko." Hata waliojifanya wamelala walicheka.

Mjini Songea, Yasinta alikuwa akingoja stendi, mkono tumboni, akitabasamu. Benigna alishuka mikono mitupu, furushi akimwachia yule mpuliza dawa, kisha akarudi dirishani kwake.

"Nipe, baba. Angalau ajue nilimletea."