Bunduki ya Kwanza ya Mzee Severin wa Lango la Pili

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Ile karatasi isiyo na jina iliyokutwa kwenye sanduku la maoni mwezi Machi, iliyosema mlinzi wa lango la pili hajibu salamu za vijana, niliiandika mimi. Mlinzi huyo ni Mzee Severin, na tarehe 30 Juni anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu katika ghala letu hapa Jebel Ali. Nilipoombwa niandike wasifu wake kwa jarida hili, nilikubali haraka kuliko ninavyokubali mambo mengine.

Mzee Severin alizaliwa Inyonga, Tanzania, katika nchi ya misitu na mizinga ya nyuki, na kabla ya kuwa mlinzi alikuwa mwindaji mwenye kibali. Alifika Dubai wakati lango la pili lilikuwa kamba iliyofungwa kwenye mapipa mawili. Tangu siku hizo amekagua magari yanayoingia na kutoka, na kazi yake kubwa ni kusoma namba za sili, zile kufuli ndogo za kontena. Huzisoma kwa kidole, tarakimu baada ya tarakimu. Mtu akimsalimu katikati ya kusoma, hamjibu. Humaliza kwanza, kisha humgeukia na kumwuliza habari za nyumbani mpaka dereva wa nyuma apige honi.

Wengi mnakumbuka mwaka ambao meneja wetu, Bwana Mohannad, alipita langoni akiwa na wageni. Alimsalimu mara tatu, akaongeza na "yalla, Severin!" ya kumharakisha. Mzee alikuwa ameinama kwenye mlango wa kontena na hakuinuka. Alipoinuka alisema tarakimu ya mwisho haikuwa ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Kontena lilirudishwa lilikotoka, na wageni walisifu ghala zima.

Mimi sikuijua hadithi hiyo nilipoanza kazi ya kujaza kitabu cha wageni mwezi Februari, baada ya kumaliza shule. Kwetu Nyahururu hatusemi sana shikamoo, lakini niliambiwa Watanzania wazee husalimiwa hivyo, nikajifunza. Nilimpa Mzee Severin shikamoo siku tatu mfululizo, kila mara nikipita kushoto kwake. Hakuitikia hata moja. Sauti yangu ni ndogo, najua. Siku ya nne nilipita kimya, na wiki iliyofuata niliandika karatasi ile.

Sikudhani ingefika mbali. Lakini Bwana Mohannad alijiuliza kama mzee hataki kujibu au hasikii, akampeleka kupimwa masikio. Sikio la kushoto halikusikia kitu. Kanuni za walinzi zinataka masikio yote mawili, na zilikuwa zimebaki wiki kumi tu amalize utumishi wake. Aliitwa ofisini, pamoja na mlinzi mwenzake Irene. Mimi niliwekwa pembeni kuandika kumbukumbu za kikao, na hapo, mzee alipoulizwa kuhusu sikio lake, ndipo nilipoisikia habari ya bunduki.

Ilikuwa gobore, bunduki inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu. Alipewa na mjomba wake Yekoniya, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Kitako cha gobore hilo kilikuwa cha mti wa mninga, na kilinuka nta, kwa sababu mjomba alikisugua kwa nta ya nyuki kila Jumapili. Kwao kijana hakabidhiwi gobore bila kuchonga mwenyewe fimbo ya kushindilia baruti. Huikata alama mbili: moja huonyesha mtutu ukiwa mtupu, nyingine ukiwa umejazwa. Severin alikuwa na miaka kumi na tisa. Alichonga fimbo yake kwa siku mbili, na alilala nayo.

Asubuhi ya kwanza alikwenda peke yake kutafuta kanga. Alijaza baruti, akashindilia, akatia risasi. Hapo akapita jirani mtu mzima, na kwao salamu ya mtu mzima haikatizwi. Waliulizana habari za watoto, mvua, mizinga na ng'ombe mgonjwa. Jirani alipoondoka, Severin, akiwa amesahau alipofikia, aliokota kibuyu cha baruti akaanza kujaza upya. Hakupima kwa fimbo. Alama alizozichonga siku mbili hakuzitazama.

Alipofyatua, kanga waliruka wote, wazima. Mtutu ulipasuka, naye alianguka chali, sikio la kushoto likilia kama kengele ya kanisa. Mjomba Yekoniya alikuja mbio, akamkagua mikono na macho, akaona yuko mzima. Kisha akamwuliza swali moja tu:

"Nani kakusalimia?"

Bwana Mohannad alicheka mpaka akavua miwani. Mzee Severin alicheka pia, halafu akasema kwamba mhunzi aliufunga mtutu ule kwa pete ya shaba, na yeye mwenyewe akawinda nao miaka kumi na mmoja, na hakusahau tena kupima. "Sikio halikurudi, sir. Ila adabu ya kazi ilibaki."

Irene hakungoja kuulizwa. "Sir, huyu mzee na sikio moja anasikia lori kabla mimi na yangu mawili sijalisikia. Ukimtoa, nitoe na mimi, basi, khalas."

Bwana Mohannad alivaa tena miwani yake. Alisema analikumbuka kontena lile. Akaamua kiti cha mzee kihamishiwe upande wa pili wa lango, magari yaje kulia kwake, na Irene asikilize redio. Hivyo ndivyo Mzee Severin anavyoimaliza kazi yake kwa tarehe yake mwenyewe.

Lakini kikao hakikuishia hapo kwake. Aliposomewa ile karatasi, hakuuliza ni nani aliyemchongea. Aliuliza ni kijana gani ambaye yeye mzee alimwacha bila kumwitikia marahaba. Tangu Aprili amekuwa akimsimamisha kila kijana langoni: "Mwanangu, ni wewe uliyenisalimu nikanyamaza? Niambie nikujibu, nisiondoke hivi." Aliniuliza na mimi. Nilisema hapana, nikainamia kitabu cha wageni.

Mzee Severin, ulitufundisha kumaliza tulichoshika. Asante kwa miaka ishirini na mitatu ya lango lililo salama. Tunakuombea safari njema mpaka Inyonga, mizinga iliyojaa, na uzee mtulivu kando ya mkeo, Mama Auleria, aliyekungoja.

Nanyi wenzangu, nina ombi. Jarida hili linagawiwa Jumatatu, na nakala yake yeye, kama ilivyo desturi yetu, atakabidhiwa Alhamisi baada ya chakula cha kumuaga. Nimeomba nimkabidhi mimi. Nitampa shikamoo kabla ya kumpa karatasi, kwa sauti kubwa kadiri nitakavyoweza. Mpaka hapo tafadhalini, mkimkuta langoni akiuliza, msimwambie ni nani.