Aliyefuata Hewa Hadi Majini

Waombolezaji wenzangu, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Povu, naye akaitika.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi bomba na mshonaji, na mama alisimulia kwamba akitumwa maji alichelewa kurudi, kwa kuwa alisubiri kwanza mapovu yote yapasuke ndani ya ndoo.

Alihitimu shahada ya hisabati mwaka 1982, akaajiriwa chuoni, ambako miaka yote alikokotoa kwa kompyuta jinsi hewa inavyotoka ndani ya povu, ikavuka ngozi yake, ikayeyuka majini.

Tarehe 14 Agosti 1986 alimwoa shemeji yetu, muuguzi, wakajaliwa binti mmoja, na shemeji aliwaambia wageni kwamba yeye ni mke wa pili, mke mkubwa ni povu.

Shida yake ilikuwa moja. Ndani ya kompyuta aliyagawa maji katika visanduku vidogo, kila kimoja kikihesabiwa peke yake, lakini ngozi ya povu ilikuwa nyembamba kuliko kisanduku kimoja, hivyo kila hesabu ilipoisha hewa kidogo ilikuwa imepotea, haimo povuni wala majini. Wenzake walimshauri airudishe kwa mkono, aandike tu tarakimu iliyopungua, maana nani angejua, akajibu kwamba maji yangejua, akastaafu mwaka 2018 bila kuichapisha kazi hiyo.

Tarehe 2 Juni mwaka huu alilazwa kwa maradhi ya mapafu. Kando ya kitanda palikuwa na chupa ya maji ambamo oksijeni ilipita ikitoa mapovu kabla ya kumfikia, akaitazama kutwa, kama mtu aliyetembelewa na watu wa kwao. Daktari alipomweleza kwamba ukuta kati ya hewa na damu yake umekuwa mnene, alisema hatimaye kapata mpaka unaopimika.

Binti yake, aliyerithi hesabu zile, alivikata upya visanduku vya mpakani tu, penye ngozi ya povu, vikawa vyembamba kuliko ngozi yenyewe, na tarehe 11 akaja wodini na jibu.

“Baba, hakuna kilichopotea.”

“Kilichotoka povuni?”

“Kiko majini, chote.”

Alifumba macho, akatulia kama anayesikiliza ndoo. Alifariki kesho yake asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotulindia nyumba, na wenzake wa chuoni, hata mliomshauri vile, kwani aliwataja akicheka.

Kaka, umevuka, huku hatukuoni tena, lakini ulitukataza kusema kwamba kisichoonekana kimepotea. Pumzika kwa amani.