Viti vya Mzee Zadock wa Otonglo

Ndugu na majirani, tunaomba masikio yenu kwa ajili ya Mzee Zadock Okello, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1928 karibu na Otonglo, akasoma hadi darasa la nne, mwaka 1948 akaajiriwa fundi seremala bandarini Kisumu, akastaafu mwaka 1983, kisha akala pensheni miaka mingi kuliko aliyofanya kazi, jambo alilopenda kutukumbusha.

Alimwoa Mama Dorca tarehe 8 Desemba 1951, wakajaliwa Mathews mwaka 1953 na Akinyi mwaka 1956.

Mwezi Juni 2006 Mzee aliugua malaria, akapoteza fahamu, nasi, kwa kuona miaka sabini na minane si haba, tukaunda kamati ya mazishi, tukanunua hema na viti mia mbili. Siku ya tatu akaamka, akaletwa nyumbani, akalikuta hema limesimama uani, akakataa lirudishwe dukani, akaanza kulikodisha kwa waliofiwa kutoka Migosi hadi Nyalenda, na mwaka 2011 mwenyekiti wa kamati ile, Bwana Walubengo, akaombolezewa chini ya hema hilo hilo.

Wapo wanaosema wazee wakizidi, uchumi hulemaa, lakini Mzee aliajiri vijana tisa, akasomesha wajukuu, ingawa ni kweli pia kwamba cheo cha meneja hakikupata mtu mpya kwa miaka kumi na tisa. Mathews alipostaafu ualimu mwaka 2013, akitumaini kukabidhiwa biashara, aliambiwa, "Wewe bado kijana, beba viti," akabeba, hadi mgongo ukamshinda. Kila mazishi, kabla ya sala ya mwisho, Mzee alipita katikati ya waombolezaji akihesabu viti vyake, wakiwa wamevikalia.

Mapema mwaka huu wa 2025 moyo wake ulianza kuchoka. Tarehe 10 Mei, hospitalini, alimpa Mathews funguo za stoo, akamuuliza viti ni vingapi.

"Mia moja tisini na tisa, Baba."

"Na kile cha mguu mbovu umekihesabu?"

Mathews alikuwa amekisahau. Mzee akazichukua tena funguo, akalala nazo, na alfajiri ya tarehe 11 alipofariki, muuguzi ndiye aliyezitoa mkononi mwake, akamkabidhi meneja mpya, mwenye umri wa miaka sabini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na vijana tisa waliosimamisha hema leo, kwa mara ya kwanza kwa kazi lililonunuliwa kuifanya.

Pumzika kwa amani, Baba. Viti tutavihesabu sisi, na kile cha mguu mbovu hakitapotea, maana Mathews amekikalia.