Mbio za Watoto wa Benchi

Nani kati yenu aliwahi kukimbia mita mia pale shuleni akiwa hana raba? Msiangalie chini, naomba mikono.

Haya. Marehemu baba yetu, ambaye shule nzima ilimwita Mwalimu Filimbi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi viatu ambaye watoto wake walitembea peku, mganga hajigangi, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akahitimu ualimu tarehe 30 Novemba 1972, na Januari iliyofuata akapewa somo la michezo katika shule iliyo kati ya mtaa wa juu na mtaa wa chini, akalifundisha miaka thelathini na minane. Alimwoa mama tarehe 16 Agosti 1975, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu na mimi, na wajukuu bado hatujawapatia.

Amri ya shule ilikuwa kwamba asiye na raba hakanyagi njia ya mbio, kwa hiyo watoto wa juu walikimbia, wa chini wakakaa kwenye benchi kuwashikia wenzao masweta, lakini fomu ya wilaya ilidai muda wa kila mtoto, nafasi tupu hairuhusiwi, naye baba, kwa huruma, akawa anatazama miguu ya aliyekaa na kumwandikia sekunde nzuri, asije akaonekana goigoi kwa kosa lisilo lake. Watoto mia sita na kumi na wawili, wote walikimbia kwenye karatasi. Mwaka 2008 wilaya ilikifunga kiwanja pekee cha mtaa wa chini, ikisema namba zinaonyesha watoto wa huko wana mbio kama wenzao, basi hawakihitaji, na tangu siku hiyo mmemwita baba msaliti, wengine mkiwa humu humu.

Aliugua kifua, akalazwa tarehe 9 Juni mwaka huu, mkononi ana saa yake ya mbio iliyokufa betri zamani, akiibofya na kutaja, wa tatu kutoka kushoto, kumi na sita nukta mbili, muuguzi akiandika, nami nikilinganisha na madaftari ya shule, na hakukosea hata nukta. Jumatano moja mchana muuguzi alimwambia, "Mzee, waambie wajukuu wako wasikimbie koridoni, wodi hii watoto hawaruhusiwi." Baba akajibu, "Si wajukuu wangu hao, binti yangu. Waache, ndiyo zamu yao." Mimi nilikuwa nimekaa koridoni hapo hapo, sikuona mtu, ila upepo wa wapitao ulinipiga magotini, mmoja baada ya mwingine, hadi mchana wa tarehe 21 Juni, saa nane na robo, kidole chake kilipolegea juu ya kitufe.

Tunamshukuru daktari wa kifua, muuguzi, ambaye ameomba kuhamishwa wodi na hatumlaumu, majirani waliotuazima viti, na walimu wenzake. Lala, baba, utulie.

Familia ilitaka niishie hapo. Ripoti iliyofunga kiwanja niliiandika mimi, nikiwa kwenye majaribio ya kazi ofisi ya wilaya. Baba alinipigia simu kabla sijaituma, akasema, "Mwanangu, wale hawakukimbia, nilikadiria tu," nikamjibu sawa, nitarekebisha, nikaituma kama ilivyokuwa, kwa sababu ndiyo iliyonipa kazi.