Nilavva Angadi na Mashada Aliyosokota Asiyavae

Marehemu Nilavva Kallappa Angadi alizaliwa tarehe 3 Novemba 1920 katika kijiji hiki cha Kenchanahatti, wilaya ya Dharwad, akiwa binti wa tatu wa mkulima wa pamba. Alisoma shule ya wasichana hadi darasa la nne. Hapo babake alimtoa, si kwa kukosa akili, bali kwa kuwa mwalimu alisema anauliza maswali mengi kuhusu Mfalme wa Uingereza.

Mwezi Mei 1938 aliolewa na marehemu Kallappa Angadi, muuza nguo. Mwaka 1941, mtoto wao Mahantesh akiwa na umri wa mwaka mmoja, Nilavva alitaka vitambaa vyote vya Uingereza vilivyokuwa dukani vichomwe.

“Mama Mahantesh, tukivichoma tutauza nini?” mumewe aliuliza.

“Vya kwetu.”

“Vya kwetu vinakwaruza.”

“Vizuri. Mtu asisahau kavaa nini.”

Vilichomwa. Kallappa alipenda kusimulia kwamba majirani waliomsifu kwa moto ule ndio waliochelewa kuliko wote kuja kununua khadi yake, yaani kitambaa cha pamba iliyosokotwa kwa mkono.

Tarehe 9 Oktoba 1942, Nilavva na wanawake wengine sita walipandisha bendera ya taifa juu ya ofisi ya serikali ya mkoloni. Walihukumiwa kifungo cha miezi tisa. Alifungwa chumba kimoja na rafiki yake wa tangu utoto, Gangavva Hiremath, ambaye yuko nasi hapa leo. Nilavva alirudi nyumbani mwezi Desemba, peke yake, na watu wakaamini kuwa kifungo chake kilipunguzwa. Hakuwasahihisha.

Baada ya uhuru alifundisha wanawake kusokota pamba kwa miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi wake wanakumbuka alivyowaambia uzi ukikatika usiutukane, uunge, uendelee. Kuanzia mwaka 1948, kila Agosti 15, sikukuu ya uhuru, kijiji chetu kiliwavika waliofungwa na mkoloni mashada ya uzi uliosokotwa kwa mkono. Mashada yote aliyasokota yeye, lakini hata siku moja hakuvaa. Akiitwa mbele, alikuwa na kikohozi. Mwaka mwingine, goti.

“Shada linavaliwa shingoni, dada, si gotini,” Gangavva alimtania mbele ya watu wote. Nilavva alicheka na kubaki nyuma, karibu na mlango.

Januari mwaka huu, 2006, moyo wake ulianza kuchoka na miguu ikavimba. Daktari alipomwambia apumzike, alimuuliza apumzike na nini, wakati kusokota anasokota ameketi. Lakini mikono nayo ilikataa. Ndipo alipomwita Gangavva, na mbele ya mjukuu wake Shaila akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema hata kwa mumewe. Tarehe 11 Desemba 1942 aliletewa habari gerezani kwamba Mahantesh ana homa ya matumbo na hata maji hanywi. Aliwekewa karatasi ya kuiomba radhi serikali na kuahidi kutoandamana tena. Aliitia sahihi.

“Ninyi mkabaki miezi saba mingine,” alimwambia Gangavva. “Mimi nilitoka kwa kupiga magoti.”

Gangavva alikuwa akimenya chungwa. Hakuacha kumenya.

“Unadhani hatukujua? Msimamizi wa gereza alitusomea karatasi yako uani, ili na sisi tuige.”

“Mkasemaje?”

“Tulimuuliza mtoto anaumwa nini.”

“Basi?”

“Basi. Tukuulize nini kingine? Kula chungwa.”

Nilavva alilia, kisha akala. Baadaye alimwomba Shaila aandike jambo hili katika wasifu wake na lisomwe kaburini, kwa maneno haya: “Wasinivike shada la waliofungwa. Waambieni nilitia sahihi, mtoto akapona.” Ndiyo maana limesomwa.

Gangavva aliposikia agizo hilo alirudi kwake akafungua sanduku. Ndani yake, katikati ya majani ya mwarobaini, kulikuwa na mashada hamsini na manane, yote aliyovikwa tangu mwaka 1948, yote kazi ya mikono ya Nilavva. Aliyafumua, akampelekea mfumaji. Kitambaa kilipokuja, Nilavva alikishika ukingo, akaujua uzi wake.

“Nimesema sitaki shada.”

“Shada liko wapi hapa? Hii ni nguo tu. Na inakwaruza.”

Nilavva hakubisha tena. Alifariki nyumbani tarehe 9 Machi 2006, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mahantesh. Leo, kwa desturi yetu, ameketishwa kaburini, kama alivyoketi siku zote mbele ya gurudumu lake la kusokotea, na nguo aliyovaa ni hiyo.

Ameacha mtoto mmoja, Mahantesh, mwenye umri wa miaka sitini na sita, mkwe, Sharada, wajukuu watatu, Shaila, Irappa na Kasturi, kitukuu mmoja, na Gangavva, aliyeomba aandikwe hapa pamoja na jamaa wa damu.

Mama yetu, keti kwa amani.