Neno Alilolingoja Melania kwa Baba Yake

Tumsifu Yesu Kristo. Padre, masista, wazee wa ukoo, majirani wa Ushirombo na ninyi mliotoka Geita kwa miguu, poleni kwa msiba. Mimi ni Pantaleo, mama yangu ni dada yake Mzee Mihayo, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya binti wa mjomba wangu aliyelala hapa mbele yetu. Jana kikao cha ukoo kiliniagiza nipite haraka katika sehemu fulani, lakini marehemu alikuwa amekwisha kunisihi nisiruke kitu, nami kati ya kikao na marehemu nimeamua kumsikiliza marehemu, kwa hiyo mnivumilie.

Melania binti Mihayo alizaliwa mwaka 1901, msimu wa kuvuna mtama, karibu na Mhunze, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mihayo na marehemu mama Kabula. Mwaka 1907 baba yake alihamia huku Ushirombo kufuata malisho, na hapa ndipo alipozaliwa mdogo wao wa mwisho, Justa, mwaka 1911. Mama Kabula alifariki mwaka uliofuata, hivyo Justa alikulia mgongoni kwa Melania, na wanaomkumbuka Melania wa siku zile wanakumbuka msichana mwenye maneno mengi, anayetwanga, anayebembeleza mtoto na anayegombana na mdogo wake wa kiume, Bujiku, yote kwa wakati mmoja.

Alianza mafundisho na kusoma hapa misheni mwaka 1910, baada ya masista kumbembeleza sana baba yake, akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1914. Kusoma alikuelewa upesi kuliko wavulana, nao wavulana hawakufurahi, lakini hilo halikumkosesha usingizi.

Tarehe 20 Juni 1917 alifunga ndoa na Marselino, katekista wa misheni hii, katika kanisa hilihili, na Mzee Mihayo akapokea ng'ombe wa mahari kama ilivyo haki ya baba. Ng'ombe hao hawakuzeeka zizini, kwa sababu Bujiku alipofikia umri wa kuoa, hao hao ndio waliotoka kwenda kumwolea mke. Hakuna ubaya hapo, ndivyo tunavyoishi sote. Ubaya ulianza miaka ilipopita na Melania hakupata mtoto, watu wa Marselino wakaanza kuja nyumbani kwa Mzee Mihayo kuuliza, kwanza kwa adabu, baadaye bila adabu.

Tarehe 4 Agosti 1925 Melania na mumewe walitumwa ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Urundi, kusaidia misheni changa iliyokosa walimu, Marselino awafundishe wanaume na Melania awafundishe wanawake. Melania alipewa kundi la wanawake waliotakiwa kufundishwa kwa miaka minne kabla ya kubatizwa, kama ulivyo utaratibu, na Melania alikwenda kwa furaha yote, maana huko hakuna aliyemtazama tumbo. Alijifunza lugha yao kwa kulima nao. Miaka ile ya kwanza, yeye mwenyewe alisema, alifundisha kama mtu anayekariri, neno kwa neno kutoka kwa padre kwenda kwao, bila yeye kugusika.

Mei 1927 Marselino aliaga kwamba anakuja huku kumwona baba yake mgonjwa na kwamba atarudi mvua zikianza. Mvua zilianza, zikaisha, zikaanza tena. Melania alituma salamu kwa kila msafiri aliyekuja upande huu, na salamu zilizorudi zilikuwa za kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba wote wazima, asiwe na wasiwasi, aendelee na kazi ya Mungu.

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo nilipoambiwa nipite haraka. Ukweli ni kwamba watu wa Marselino walidai ng'ombe wao, na ng'ombe hawakuwepo, walikwisha kumwolea Bujiku. Kwa desturi yetu, mke asipozaa, baba yake akikosa cha kurudisha, hutoa mdogo mtu aende kuzaa kwa niaba ya dada yake, na mtoto atakayezaliwa huhesabiwa kuwa wa yule mkubwa. Lakini hata desturi hiyo humtaka mkubwa aulizwe, akubali kwa mdomo wake. Melania hakuulizwa. Mzee Mihayo na Bujiku walikaa, wakakubaliana na Marselino, mwanamume mwenye ndoa ya kanisa, na Agosti 1927 Justa, mwenye miaka kumi na sita, akapelekwa, naye akaambiwa kwamba dada yake ameafiki.

Habari ilimfikia Melania Septemba 1928. Alikuwa amekaa na wanawake wake uani, akiwafundisha juu ya ndoa, kwamba mume mmoja na mke mmoja, akatokea Maulidi, mfanyabiashara wa chumvi wa hapa Ushirombo ambaye wengi mnamfahamu. Maulidi alikuwa mtu wa heri tupu, hakujua kinachofichwa, alijua tu kwamba kwa watu wetu mkubwa huafiki kwanza, basi akatua mzigo, akamwamkia, akasema mbele ya wote, "Hongera Mama, umepata mtoto wa kiume, mdogo wako amejifungua salama." Melania alimwitikia, akamletea maji ya kunywa, akamwuliza mtoto anaitwa nani. Halafu akaingia ndani, na siku ile hakufundisha tena.

Aliuzwa, jamani. Kilichomkata maini si Marselino, alisema, maana mume ni mtu wa nje, hata akikutupa unarudi kwenu. Lakini yeye waliomzunguka ni hao wa kwao, na mdogo wake aliyembeba mgongoni ndiye aliyelala kitandani mwake.

Padre wa kule alimruhusu arudi nyumbani. Melania akajibu kwamba hajui nyumbani ni wapi, na kwamba wanawake wake wamebakiza mwaka mmoja na nusu, hawezi kuwaacha kama alivyoachwa. Kesho yake aliwakusanya akawaeleza yote, hakuficha hata la ng'ombe, akawaambia kwamba anayetaka kuacha mafundisho kwa sababu ya aliyoyasikia aache, yeye hatamlaumu. Hakuondoka hata mmoja.

Lakini tangu siku ile hakuweza kuimaliza Sala ya Bwana. Kila alipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea alinyamaza, wanawake wakaendelea, naye akajiunga nao mbele kidogo. Alidhani hawaoni. Siku moja mjane mmoja katika kundi lile, Mama Keza, aliyekuwa akikaa naye nyumba moja, alimwambia, "Sali mpaka hapo unapoweza, hapo pengine tutakusalia sisi, si ndiyo kazi ya kuwa wengi?" Melania alilia kwa mara ya kwanza tangu Maulidi apite. Alituambia kwamba ni pale alipoanza kuielewa imani aliyokuwa akiifundisha, na ya kwamba waliokuwa wakifundishwa ndio waliompa. Akaacha kukariri. Akafundisha kama mtu mwenye kidonda anavyoongea na wenye vidonda, na tarehe 20 Aprili 1930, siku ya Pasaka, kundi zima lilibatizwa, naye akasimama kuwa mama wa ubatizo wa wengi wao. Katika sehemu ya watoto, ukoo uliniambia niseme marehemu hakujaliwa. Nasema alijaliwa, wako Urundi.

Alirudi Juni 1934. Alipita kwanza nyumbani kwa baba yake, akampigia magoti na kumwamkia kwa adabu zote, akachinjiwa mbuzi, watu wakaja wakala, na hakuna aliyegusia jambo lenyewe. Siku ya pili, watu wakiwa bado wamejaa uani, alisema, "Baba, sitaki ng'ombe wala sitaki kesi. Nataka useme mbele ya hawa kwamba ulinikosea." Mzee Mihayo alijibu kwamba mambo ya ng'ombe yalikwisha zamani. Melania akafunga mzigo wake akaenda Geita.

Kule aliishi karibu na kambi za wachimba dhahabu, akilima mihogo na kuwafundisha wake za wachimbaji mpaka alipoishiwa nguvu. Marselino, aliyekwisha kufutwa ukatekista, alikuwa hukohuko machimboni na mwanamke mwingine, na leo hayupo hapa. Mwaka 1935 Justa, aliyeachwa na Marselino akiwa na watoto wawili, alibisha mlangoni kwa dada yake. Melania alimfungulia, lakini tusidanganyane, kwa miezi kadhaa dada hao walipikia vyungu viwili chini ya paa moja, hawakusemezana ila kwa sababu ya watoto. Halafu siku moja Justa alimweleza alivyoambiwa siku ile anapelekwa, kwamba dada ameafiki, na Melania akagundua kwamba walidanganywa wote wawili. Tangu hapo chungu kikawa kimoja.

Lakini Melania hakuacha kumngojea baba yake. Kila mwaka alituma salamu nyumbani, kwamba hajambo na bado anangoja.

Ugonjwa wa kifua ulimwanza Oktoba 1937, na Februari mwaka huu majirani walimbeba kwa machela mpaka zahanati ya misheni hapa. Jumanne iliyopita Mzee Mihayo alikuja kumtazama. Justa alimwinua dada yake akamwegemeza, akamfunga kitambaa kizuri, kwa maana wote tulijua anangoja nini. Mzee aliketi, akaongea juu ya mvua, akaongea juu ya pamba na ndama aliyevunjika mguu, akashika kofia yake, akaaga. Melania aliutazama mlango kwa muda, kisha akasema, "Basi. Alikuja." Alifariki kesho yake alfajiri, tarehe 9 Machi 1938.

Ukoo unamshukuru bwana mganga na wauguzi wa zahanati, padre na masista, makatekista wenzake wa hapa na wa Urundi, majirani wa Geita waliombeba bila kuombwa, Mzee Maulidi aliyenunua sanda, na Justa, aliyemwuguza kwa mikono yake mpaka pumzi ya mwisho.

Mjomba Mihayo, wewe sikushukuru wala sikushitaki. Kwetu baba ndiye hutupa udongo wa kwanza, nami nikimaliza kusoma nitakupisha usogee hapa kaburini, na watu wote hawa watakuwa kimya. Ukilisema lile neno, kwamba ulimkosea, atazikwa nalo. Ukinyamaza, tutafukia hivyohivyo, kwa sababu jua linakwenda na sisi hatuna subira kama yake.

Melania, dada yangu, kungoja kwako kumekwisha. Pumzika kwa amani, ututangulie.